Nani atacheza na mtoto wa Pipeline?

Kila mjadala wa malezi unapozuka hapa Nairobi, hoja moja haikosi: sisi hatukuchezewa na mama zetu, na tulikua vizuri tu. Siidharau. Katika miaka ya 1970, mwanaanthropolojia Mmarekani Robert LeVine na wenzake waliwachunguza akina mama wa Kigusii, magharibi mwa Kenya. Mtoto akilia alibebwa na kunyonyeshwa upesi, lakini mama kukaa naye uso kwa uso na kupiga porojo haikuwa desturi. Kucheza ilikuwa kazi ya dada na kaka.

Ila ule ua wa nyumbani uliojaa watoto haupo Pipeline, mtaa wa hapa Nairobi. Ghorofa zimebanana, familia iko chumba kimoja, dada yuko shule na binamu wako ushago. Mtoto wa miaka miwili hubaki na mtu mzima mmoja, au na simu. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili asizidishe saa moja kwa siku. Sawa, lakini simu ikizimwa, nani atashika zamu?

Jumamosi moja nilimtazama jirani akianika nguo. Mwanawe, mwaka mmoja na nusu, alikuwa akimpa vibanio. "Asante, baba," mama akasema, akanyoosha mkono tena. Mara mtoto akakataa, akakikumbatia kibanio kifuani. Mama akajifunika uso kwa leso, akajiliza. Mtoto akanyamaza, akamtazama, akamsogelea na kumwekea kibanio mkononi, kisha akampapasa goti. Nguo zilianikwa zote. Na katika dakika hizo mtoto alikuwa amejifunza zamu, kukataa bila kufukuzwa, na kwamba huzuni ya mwenzake inaweza kutulizwa. Hayo hayafundishwi na katuni, kwa sababu katuni haimjibu.

Ushahidi upo. Kingston, Jamaika, mwaka 1986 na 1987, watoto waliodumaa walianza kutembelewa na wahudumu wa afya saa moja kila wiki, kwa miaka miwili. Mama alifundishwa kucheza na mwanawe kwa vitu vilivyotengenezwa nyumbani. Miaka 20 baadaye watoto hao walikuwa wakipata kipato cha juu kwa takriban asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakutembelewa, na walihusika katika mapigano mara chache zaidi. Utafiti mzima ulikuwa na watoto 129 tu, waliotembelewa na wasiotembelewa, kwa hiyo nisingejenga sera nzima juu yao. Lakini mama wale walipata mtu wa kubisha hodi kila wiki; wetu hupata ushauri mtupu.

Hapo ndipo wanaoulalamikia ushauri huo wana haki. Anayetoka saa kumi na moja alfajiri kwenda Industrial Area na kurudi usiku, ukimwambia atenge saa ya kucheza umemtwika lawama juu ya uchovu. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu na baba wiki mbili, lakini wa kibarua anayelipwa kwa siku ni nadra kuziona.

Kwake, mimi naomba vibanio tu: mchezo ndani ya kazi iliyopo, na baba naye aingie. Saa nyingine zote mtoto yuko kwa yule mama wa mtaani anayelea watoto kumi chumba kimoja. Huyo ndiye anayestahili kubishiwa hodi kila wiki.