Matarumbeta nje ya mlango

Jumamosi iliyopita mvua ya hapa Liverpool, ile isiyonyesha ikaeleweka wala kukatika, ilinisukuma ndani ya kanisa ambalo si langu. Mimi ni Mkatoliki wa Tabora, lile ni kanisa kuu la Anglikana, na nilichokifuata ni mahali pakavu na kikombe cha chai. Mama mmoja mzee anayejitolea kupokea wageni akaniuliza kama namjua aliyechora jengo lile. Sikumjua. Akaniambia, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, kwamba alikuwa Mkatoliki.

Nikacheka mpaka yule mama akadhani kanikosea.

Wenzangu wa Tabora mnajua nilichochekea. Hebu fikiria kamati ya ujenzi pale kwetu, dhehebu lolote, chagua mwenyewe, imkabidhi fundi wa dhehebu jingine ramani ya kanisa kuu. Kikao cha kwanza tu wazee watano wangejiuzulu, na wa sita angebaki ili awe na cha kuwasimulia.

Huyo Giles Gilbert Scott alikuwa kijana wa miaka 22 mchoro wake uliposhinda mwaka 1903. Hakuwa amejenga jengo kubwa hata moja. Wenye kanisa walikuna vichwa, wakamwekea mzee wa kazi, Bodley, amsimamie, lakini kazi wakampa. Mfalme Edward wa 7 akaweka jiwe la msingi mwaka 1904, na jengo likakamilika mwaka 1978, vita kuu mbili zikiwa zimepita katikati. Ndiye huyohuyo aliyebuni vile vibanda vyekundu vya simu mnavyoviona kwenye picha za Uingereza. Kanisa lenyewe lina urefu wa karibu mita 190. Ukikaa nyuma, anayehubiri ni kidoti.

Kanisa langu mimi liko mwisho wa pili wa mtaa huohuo, Hope Street, mwendo wa dakika kumi na kitu. Msidhani mtaa uliitwa Tumaini kwa sababu ya makanisa: Hope alikuwa mfanyabiashara tu, na jina lilikuwepo kabla yao. Wakatoliki nao walianza kwa kishindo. Mwaka 1933 waliweka jiwe la kanisa ambalo kuba lake lingelizidi la Mtakatifu Petro kule Roma, na aliyelichora, Lutyens, alikuwa Mwanglikana. Vita ikaja, hela ikakata, wakaishia kanisa la chini ya ardhi. Baadaye wakajenga juu yake kanisa la duara lenye taji, likatabarukiwa mwaka 1967. Wenyeji wanaliita hema, kwa utani wa kuwasuta Wakatoliki wa hapa wenye asili ya Ayalandi. Mimi nalipenda. Altare iko katikati, watu wameizunguka kama wazee kwenye bao, na hakuna wa kujificha nyuma ya nguzo akichezea simu.

Sasa nirudi kwenye kilichoniuma, maana sikuja hapa kuwatembeza.

Bibi yangu alikuwa Mkatoliki, babu Mprotestanti wa dhehebu la Moravian, wa Urambo mkoani Tabora. Kule Wamoravian wamekuwepo tangu mwaka 1898, walipopokea kituo kutoka kwa wamisionari wa London. Babu alipiga tarumbeta kanisani kwao mpaka meno ya mbele yalipomwacha. Kila mmoja alisali kwake, na Jumapili mchana walikutana kwenye sahani moja ya ugali. Babu alitangulia, akazikwa Urambo. Bibi alipofariki, wazee waliopiga na babu walikodi Noah, wakaja Tabora na matarumbeta yao wamwimbie mjane wa mwenzao. Kwenye parokia moja, ambayo sitaitaja, wakaambiwa wasubiri nje, kwa kuwa ile ni misa na misa ina kwaya yake.

Wakasubiri. Chini ya mwembe, wazee saba, tarumbeta magotini, wamekaa jamvi moja na majirani zetu Waislamu waliotoka mtaa wa Ng'ambo asubuhi ile kuja kuzika. Mmoja alikuwa anasugua mdomo wa chombo chake kwa leso, polepole, kama mtu atakayeitwa sasa hivi. Aliusugua misa nzima. Mimi nilikuwa dirishani, nilimwona mwanzo mpaka mwisho. Hakuitwa. Kutoka pale tukaenda makaburini, padri akamaliza, watu wakaanza kuangalia saa.

Jumamosi hiyo nikaliandika hili, pamoja na habari ya Scott na kazi aliyopewa, kwenye grupu la familia, na hapo ndipo vita ilipoanza. "Umekaa Ulaya miaka minne, sasa unatufundisha dini." Jamani. Mimi hapa naosha wazee wa watu na kuwabadilishia nepi usiku kucha, kiburi nitakitolea wapi? "Makanisa ya huko matupu, wazungu wenyewe hawasali." Najua. Hiyo duara yetu inaingiza watu 2,000 na Jumapili ya kawaida ukipata kiti karibu na hita hakuna wa kukunyang'anya. Mkitaka kunipiga, nipigeni kwa hilo, nitakaa kimya. "Ulipokuwa huku hata jumuiya ulikuwa huendi." Hilo nalo kweli, tuendelee.

Wala msiniambie sijui kwetu. Najua mapadri walikuwa Unyanyembe tangu miaka ya 1880, najua Tabora ni jimbo kuu tangu mwaka 1953, na Mwadhama Rugambwa alipovikwa kofia nyekundu ya ukardinali mwaka 2023 nilimwonyesha kila mtu kazini picha yake mpaka wakanichoka. Najua pia Wamoravian wana maaskofu lakini hawana kanisa kuu, kwa sababu kanisa kuu ni pale penye kiti cha askofu wa jimbo, na askofu wao ni mchungaji wa roho asiye na jimbo la kutawala. Babu alikuwa akimtania bibi: "Ninyi mna kiti, sisi tuna tarumbeta."

Ninachosema ni kimoja. Kwetu dhehebu halizuii mtu kuomba chumvi. Halizuii kubebeana mgonjwa saa nane za usiku. Katika hilo tumewaacha hawa wa Liverpool mbali sana. Wao mwaka 1909 Waprotestanti na Wakatoliki walipigana mitaani humu humu, wakahamishana nyumba. Lakini sisi tunaoishi vizuri hivyo, ikifika siku yenyewe, harusi au jeneza, ghafla kuna mlango na kuna mlinda mlango. Hawa waliochukiana wamefungua. Askofu Sheppard wa Anglikana, aliyewahi kuichezea Uingereza kriketi, na Askofu Mkuu Worlock wa Katoliki walifanya kazi bega kwa bega mpaka watu wakawaita samaki na chipsi: hawaachani, na kila siku wamo gazetini. Papa Yohane Paulo wa 2 alipokuja mwaka 1982 aliingia makanisa yote mawili siku moja. Leo maaskofu wale wana sanamu yao katikati ya Hope Street, nami huipita nikienda kupanda basi.

Lakini yule mama wa Jumamosi hakuniachia utamu huo. Nilipomuuliza Scott amezikwa wapi humu ndani, alininyooshea kidole mlango wa magharibi. Nje. Alifariki mwaka 1960, na kwa kuwa ni Mkatoliki hakuweza kulala ndani ya kanisa alilolifanyia kazi maisha yake yote. Watawa Wakatoliki ndio waliokuja kumzika. Baadaye pakawa njia ya magari, yakawa yanapita juu yake miaka na miaka, mpaka mwaka 2012 kaburi liliposafishwa.

Nikatoka nikasimama pale. Nimepita hapo sijui mara ngapi bila kutazama chini.

Hili nalo nikalituma kwenye grupu, maana sipendi kusema upande mmoja. Wale wa "unatufundisha dini" wakafurahi, wakajaza vicheko. Shangazi, mtoto wa mwisho wa bibi, ambaye hakuwa amesema neno siku nzima, akanipigia.

"Baba, huyo mjenzi alikuwa na mke?"

"Alikuwa naye, shangazi."

"Wamemweka wapi?"

"Hapohapo nje. Wamelala pamoja."

Simu ikawa kimya, nikadhani salio limekata. Nikasikia kuku nyuma yake, na mtu anapita na baiskeli.

"Afadhali yao," akasema. "Yetu sisi, huyu Urambo, huyu hapa."