Tupeni Meza, Projekta Bakini Nayo

Ratiba ya warsha ya TEHAMA hapa Dodoma naijua kabla sijaifungua. Mgeni rasmi, picha ya pamoja, chai, halafu mkufunzi anatueleza umuhimu wa bakapu, yaani nakala za akiba za data. Ukumbini wamejaa watu waliolea seva tangu enzi za kupozwa kwa feni ya mezani, nao wanaelezwa kuwa bakapu ni muhimu! Wanasaini posho, wanaondoka.

Kwa kijana anayeanza kazi, semina hiyo si mbaya. Mimi nawasemea wakongwe wa kusimamia mifumo ya kompyuta. Mkongwe hakosi mada, anakosa mtu wa kuongea naye. Katika ofisi nyingi yuko peke yake au na mwenzake mmoja, na bosi anachojua ni kwamba mfumo unafanya kazi au umeanguka.

Marekani walilitambua hilo zamani. Mkutano wa wasimamizi wa mifumo, LISA, wa chama cha wataalamu wa kompyuta cha USENIX, uliofikia tamati 2021, ulikuwa na warsha ya wazoefu iliyokuwa mazungumzo matupu kutwa nzima. Sisi tuna nafasi nzuri zaidi: wizara ziko Mji wa Serikali wa Mtumba, Mamlaka ya Serikali Mtandao ina makao yake makuu hapa, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kiko kilimani. Watu hawa wanapishana sokoni Majengo kila Jumamosi bila kujuana.

Nataka warsha ya mazungumzo kama hiyo hapa Dodoma: chumba kimoja, watu wasiozidi 25, wasiwepo wauza vifaa. Kiingilio kiwe swali moja lililokushinda.

Chukua tukio la 12 Mei 2024. Kebo mbili za intaneti zipitazo baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Dodoma haina bahari, lakini tuliisikia. Ofisi inaweza kulipia laini mbili kwa kampuni mbili na kuamini imejikinga, kumbe huko mbele zote zinategemea njia ileile. Sasa unamuulizaje mtoa huduma kebo anazopitia, naye akujibu ukweli? Unaandika nini kwenye mkataba? Ni huduma zipi zingeendelea ndani ya nchi kama seva ya majina ya tovuti isingekuwa ng'ambo? Mkufunzi wa slaidi hana majibu hayo. Aliyekesha siku ile anaweza kuwa nayo nusu, na nusu nyingine iko kwa jirani yake wa jengo la pili.

Au CentOS 7, mfumo endeshi wa seva ulioishiwa matengenezo 30 Juni 2024. Kuhamisha seva ni kazi ya kawaida. Kigumu ni programu iliyoandikwa na mtu aliyekwisha kuhamishwa mkoa, isiyo na maelezo hata ukurasa mmoja, na ambayo malipo yote yanapita humo. Nani aliwahi kuihamisha ya namna hiyo, na alimwambiaje mkurugenzi kwamba itazimwa kwa saa kadhaa?

Najua pingamizi: mifumo ya serikali ni siri. Kweli, na anwani na nywila hazina kazi kwenye meza hiyo. Kwa yaliyobaki, kanuni ya Chatham House, taasisi ya mijadala ya London, ipo tangu 1927: tumia ulichosikia, usimtaje aliyesema wala ofisi yake. Wavamizi hawahitaji warsha yetu kujua udhaifu wetu. Wanaokosa habari ni sisi wenyewe.

Bila posho watakuja? Wengine hawatakuja, na hilo litapunguza foleni mlangoni. Chakula cha mchana, hata hivyo, kiwepo na kiwe cha kushiba, maana mengi ya maana huanza kusemwa sahani zikiwa mezani.

Mwenyekiti awe mtu wa kugawa zamu na kukatisha hotuba. Asiwe bosi wa yeyote aliye chumbani, la sivyo tutarudi kuambiana kwamba kila kitu kinaenda vizuri.