Mashine ndogo ya CNC na ushauri wa kukimbilia Fusion

Mtu akishanunua mashine ndogo ya CNC, yaani ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, zile za 3018 ambazo eneo la kuchonga ni kama milimita 300 kwa 180, swali lake la kwanza huwa ni programu ya kuchorea. Jibu analopewa na wengi ni moja: jifunze Fusion ya Autodesk tangu mwanzo, maana programu nyepesi utazichoka upesi halafu ulazimike kuanza upya. Wanaolitoa jibu hilo wana nia njema na kazi wanaijua. Hata hivyo naona linambebesha anayeanza mzigo usio wake, na linazidharau programu za mchoro bapa, usio na kina, kama Inkscape bila kuangalia ni kazi gani hasa inafanyika pale mezani.

Fusion ina haki yake na tuipe. Umbo la pande tatu na njia za biti, yaani mapito ya ncha ya kukatia, vinapangwa ndani ya programu hiyo hiyo, na vipimo vimefungamana. Plaiwudi inayouzwa kama ya milimita 18, ukiipima kwa kalipa, mara nyingi unakuta 17 na pointi. Kwenye Fusion unabadilisha unene mahali pamoja tu, na kila mfereji wa kiungo unajirekebisha. Kwenye Inkscape unarudi kusogeza mistari mmoja mmoja. Anayetaka kutengeneza makasha ya kuunganishwa au vipuri vya kufungana atalihisi pengo hilo mapema sana, na hapo sina ubishi.

Lakini wanaoanza wengi hawaanzii kwenye makasha. Wanaanza na kibao cha jina, nakshi ya maua kama ya milango ya Zanzibar, au tuseme bao la kete. Bao lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane. Ukiyapanga kwa nafasi ya milimita 35 kutoka kitovu hadi kitovu, mchoro mzima unaingia ndani ya milimita 280 kwa 140, kwa hiyo 3018 inaliweza. Kwenye Inkscape hiyo ni miduara 30 na miraba miwili ya nyumba. Unachora mduara mmoja, unaunakili, unaupanga. Kina hakichorwi. Unakiandika baadaye kwenye programu ya kutengeneza njia za biti, kwa mfano Estlcam, ambayo unaweza kuijaribu kabla ya kulipia, au kiendelezi cha Gcodetools kinachokuja ndani ya Inkscape yenyewe, ingawa hicho kinahitaji uvumilivu.

Mpinzani atasema shimo la bao halina sakafu bapa, lazima liwe kama bakuli ili kete zichotwe kwa vidole. Ni kweli, na bakuli halisi linahitaji umbo la pande tatu. Ila kuna njia ya mchoro bapa: ndani ya kila shimo chora miduara mitano, kila mmoja mdogo kuliko uliotangulia, na upe kila mmoja kina cha milimita mbili zaidi. Mashine itachonga ngazi, nawe utazimaliza kwa msasa. Mtu aliyefanya hivyo ameona kwa macho kina kinavyojengwa tabaka kwa tabaka. Aliyebonyeza kitufe na kupata uso uliokamilika bado hajaliona hilo.

Na hapa ndipo penye hoja yangu kubwa. Siku za mwanzo biti zitavunjika, ubao utachimbwa pasipotakiwa, mchoro utatoka na vipimo vya ajabu. Swali la anayeanza kila mara ni: kosa liko wapi? Akiwa na mchoro bapa, mahali pa kutafuta ni pachache. Ama mchoro una kipimo kibaya, ama kina cha kila tabaka ni kikubwa mno, ama sifuri ya Z, yaani kimo kinachohesabiwa kuwa uso wa ubao, imewekwa vibaya, ama ubao umelegea kwenye vibano. Anaweza hata kulifungua faili la G-code, yaani orodha ya amri inazozifuata mashine, na kulisoma. G1 Z-0.5 F100 maana yake shuka hadi nusu milimita chini ya uso kwa mwendo wa milimita 100 kwa dakika. Akikuta Z-5 mahali alipotaka Z-0.5, jibu amelipata bila kumuuliza mtu.

Kwenye Fusion vyanzo hivyo vyote vipo, na juu yake kuna mhimili wa Z ambao huenda umeelekea upande usiotakiwa, kipande cha malighafi kilichopewa ukubwa mwingine, na kitafsiri cha G-code ambacho si cha GRBL, mfumo unaoendesha nyingi ya mashine hizi. Mzoefu anayapitia yote haya haraka. Anayeanza anabadilisha mambo matatu kwa pamoja, mashine inakubali, na hajui ni lipi lililomponya. Kesho kosa likirudi, yuko pale pale.

Mchoro bapa nao una mitego yake. Inkscape ilipofika toleo la 0.92 mwaka 2017 ilihama kutoka pikseli 90 kwa inchi kwenda 96, na mpaka leo faili la zamani likisomwa kwa hesabu mpya linaweza kukupa mraba wa milimita 93.75 mahali ulipochora 100. Lakini kosa hilo unalinasa kwa kuchonga mraba mmoja na kuupima.

Halafu kuna suala la leseni. Septemba 2020 Autodesk ilitangaza kuibana leseni ya bure ya matumizi binafsi: hati zinazoweza kuhaririwa zisizidi 10 kwa wakati mmoja, na G-code isiwe tena na mwendo wa haraka wa G0. Safari za hewani, biti ikiwa haikati kitu, sasa zinakwenda kwa mwendo wa kukatia. Kwa bao letu hasara ni ndogo, kwani safari hizo ni chache. Chukua badala yake nakshi ya vidoti 400 vilivyoachana kwa milimita sita, biti ikipanda tano na kushuka tano kila kidoti. Hizo ni milimita 6,400 za hewani. Kwa mwendo wa 300 kwa dakika ni dakika 21 na ushee, kwa mwendo wa 1,500 ni dakika nne na kidogo. Dakika hizo 17 zinavumilika, na wapo walioandika vijiprogramu vya kurudisha G0. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba ujuzi ulioujenga kwa miezi unakaa juu ya masharti yanayoweza kubadilishwa na mwenye programu wakati wowote, na programu yenyewe inahitaji kuingia mtandaoni mara kwa mara. Kwa anayenunua bando kwa siku, hilo si jambo dogo.

Kwa anayefika mahali pa kuhitaji pande tatu, ningemwelekeza FreeCAD kabla ya Fusion. Ni ngumu kuzoeleka, na wanaoilalamikia hawamsingizii mtu. Lakini ni programu huria, inafanya kazi bila intaneti, na toleo la 1.0 la Novemba 2024 limepunguza sana ule ugonjwa wa mchoro kuvurugika ukigusa hatua ya nyuma.

Ile hofu ya kuanza upya nayo haina msingi mkubwa. Faili la SVG la bao, yaani lile la mchoro bapa wa Inkscape, linafunguka FreeCAD, linafunguka Fusion, na mistari yake inageuzwa kuwa umbo la pande tatu. Mwendo ambao mninga unaukubali kwa biti yako, kina ambacho mota ya 3018 inakimudu bila kulia, namna ya kuweka sifuri kwa kipande cha karatasi: hayo yote unahama nayo.