Uhisani na Sharti la Mtoaji

Tenda wema nenda zako, yasema methali. Kwa sadaka anayopewa msafiri njiani, methali imetosha: umempa, hukungoja shukrani, mmeachana. Uhisani ni kazi nyingine. Mhisani hutoa kwa mpango, huwapa watu ambao pengine hataonana nao, na hutaka jambo fulani liwe limebadilika baada ya yeye kutoa. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wafadhili na wanaofadhiliwa hawajaafikiana mpaka leo: anayetoa ana haki gani ya kuweka sharti? Azifunge fedha zake kwa jengo fulani, eneo fulani, muda fulani, au azikabidhi na kuwaachia wanaoijua kazi waamue wenyewe?

Wanaotetea sharti wana ushahidi mzito, na mzito kuliko wote ni maktaba za Andrew Carnegie, tajiri wa viwanda vya chuma wa Marekani. Tangu ya kwanza ifunguliwe Dunfermline, Scotland, mwaka 1883, fedha zake zilijenga maktaba zaidi ya 2,500, nyingi zikiwa Marekani. Utaratibu wake ulikuwa mkavu. Mji utoe kiwanja, kisha baraza lake liahidi kutenga kila mwaka, kutoka kwenye kodi, asilimia 10 ya fedha ulizopewa. Mji uliopata dola 10,000 ulijifunga kutoa dola 1,000 mwaka hadi mwaka kwa ajili ya vitabu, mishahara, taa na matengenezo. Carnegie alilipia jengo tu. Jengo hugharimu mara moja, maktaba hugharimu kila mwaka, na mji usiokuwa tayari kwa gharama ya pili ungebaki na jengo zuri lililofungwa kufuli.

Madhara ya kukosa sharti kama hilo yanaonekana wazi kwenye kisima cha pampu ya mkono, zawadi inayopendwa sana na wahisani. Siku ya uzinduzi maji yanatoka, picha zinapigwa, faili la mradi linafungwa. Lakini pampu moja huhudumia watu wapatao 250 hadi 300, mpini unapanda na kushuka kutwa nzima, na mipira ya ndani inayozuia maji yasirudi chini huchakaa na kutaka kubadilishwa, mara nyingi kila mwaka. Ikiwa mabomba yaliyoshushwa kisimani ni ya chuma kilichopakwa zinki na maji yana asidi, yaani kipimo cha pH kiko chini ya 6.5 hivi, kutu huyala. Kwanza maji hubadilika rangi na ladha, kisha bomba hutoboka na maji huvuja humo humo kisimani kabla ya kufika juu. Kinga yake inajulikana: asidi ipimwe kabla bomba halijachaguliwa, bomba liwe la plastiki au la chuma cha pua pale maji yanapodai hivyo, fundi afunzwe miongoni mwa watumiaji wenyewe, na mfuko wa vipuri uanze kuchangiwa kabla pampu haijafungwa. Hayo yote ni masharti. Mfadhili asiyeyadai siku ya kutia saini hatapata nafasi nyingine nzuri ya kuyadai, na kwa pampu methali ya nenda zako ni ushauri mbaya.

Hata hivyo, sharti lile lile linaloilinda kazi linaweza kumlemea asiyestahili mzigo. Julius Rosenwald, tajiri wa kampuni ya biashara ya rejareja ya Sears, Roebuck, alishirikiana na Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi wa Wamarekani Weusi, kuanzia mwaka 1912 kujenga shule za watoto wa Wamarekani Weusi katika majimbo ya kusini. Hadi mwaka 1932 zilikuwa zimejengwa shule karibu 5,000. Rosenwald hakulipia gharama yote. Alitoa sehemu, akaitaka serikali ya eneo itoe sehemu yake, na wananchi wachange yao. Wakachanga fedha, ardhi, mbao na nguvu za mikono. Hesabu ilipofungwa, Wamarekani Weusi walikuwa wametoa takriban dola milioni 4.7, zaidi kidogo ya zile zilizotoka kwa Rosenwald na mfuko wake.

Wapo wanaoliona sharti hilo kuwa la busara kubwa. Liliwabana maofisa wa serikali ambao wasingetoa hata senti, na liliwafanya wananchi wawe wenye shule hasa. Wengine wanajibu kwamba watu hao walikuwa wameshalipa kodi kama wengine, kodi ikaenda kujenga shule za Wazungu, kisha wakatakiwa kulipa mara ya pili ili watoto wao wapate darasa. Naona pande zote mbili zinasema kweli. Shule zisingejengwa bila sharti, na dhuluma ilibaki dhuluma. Kinachonisumbua ni ile tabia ya kumsifu mtoaji wa sehemu ndogo na kumsahau aliyechanga akiwa hana.

Kuna pingamizi linalokwenda ndani zaidi, nalo linahusu aliyechagua zawadi yenyewe. Mwaka 1892 wafanyakazi wa kiwanda cha chuma cha Carnegie huko Homestead, Pennsylvania, waligoma kupinga kupunguziwa ujira. Watu waliuawa katika mapambano na walinzi wa kukodiwa, na chama chao kikavunjwa. Miaka sita baadaye mji huo ukapata maktaba. Mtu anayesimama mbele ya tanuru saa 12 kwa siku atasoma saa ngapi? Angeulizwa, huenda angechagua ujira. Sharti la asilimia 10 lilikuwa bora kwa maktaba, lakini halikugusa swali la kwamba ni maktaba au kitu kingine. Na hata ndani ya maktaba zenyewe lililinda kile tu ambacho macho ya mtoaji yalikiona. Mwaka 1916 mchumi Alvin Johnson, aliyetumwa kuzikagua na Shirika la Carnegie, taasisi ya uhisani ya tajiri huyo, aliripoti kwamba majengo yalikuwapo ila wakutubi waliofunzwa ndio waliopungua.

Siku hizi sharti limegeuka karatasi. Chukulia shirika lenye wafadhili watano, kila mmoja ana fomu yake na anataka ripoti kila robo mwaka. Hizo ni ripoti 20. Kila moja ikimchukua mtu siku nne, zimekwenda siku 80, karibu theluthi ya mwaka wa kazi. Juu ya hapo huja ukomo wa gharama za uendeshaji, mara nyingi asilimia 10. Mshahara wa mhasibu, kodi ya ofisi na ada ya mkaguzi wa hesabu haviingii humo, basi andiko la mradi linaandikwa kwa ujanja: mhasibu anagawanywa vipande, robo kwenye mradi wa maji, robo kwenye mradi wa chanjo, hata pale asipofanya kazi hiyo. Mkaguzi akija anakuta hesabu zisizolingana na kazi, na shirika lililokuwa na watu waaminifu linaonekana la wezi. Sharti lililowekwa ili kuzuia ubadhirifu limezaa uongo. Serikali ya Marekani, katika ruzuku zake, ilipandisha kiwango cha kawaida cha gharama hizo kwa mashirika yasiyo na makubaliano maalumu kutoka asilimia 10 hadi 15 mwezi Oktoba 2024. Ni hatua ndogo, lakini inakiri kwamba kazi haiendeshwi kwa mafuta ya gari peke yake.

Fedha zilizofungwa huleta shida nyingine janga linapovuma. Baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi ya Desemba 2004, Médecins Sans Frontières, shirika la madaktari wa dharura, walitangaza ndani ya siku chache kwamba fedha walizopokea kwa janga hilo zilitosha kwa kazi waliyopanga huko. Waliwaomba watu wasiendelee kutoa kwa jina la tsunami, kisha wakawaandikia waliokwisha kutoa kuomba idhini ya kuzihamishia kwenye dharura nyingine. Wengi walikubali. Ulikuwa uamuzi wa heshima, maana kukaa kimya kungekuwa rahisi zaidi.

Mtoaji akiwa hai unaweza kumwandikia. Akiwa amekufa, sharti huwa gumu kama jiwe. Katika sheria ya wakfu ipo kanuni kwamba sharti la aliyeweka wakfu ni kama andiko la sheria yenyewe, na mali ya wakfu haiuzwi. Ndiyo maana zipo wakfu zilizodumu karne nyingi. Ndiyo maana pia wapo wanazuoni waliolazimika kutafuta njia, kwa idhini ya kadhi, ya kubadilisha mali iliyokwisha kuharibika kwa nyingine yenye faida. Mahakama za nchi nyingine zimekutana na tatizo hilo hilo. Beryl Buck, aliyefariki mwaka 1975, aliacha hisa za kampuni ya mafuta zitumike Marin County, California, eneo lenye watu wenye uwezo mkubwa. Kampuni iliponunuliwa na Shell mwaka 1979, thamani ya hisa hizo ikapita dola milioni 250. Taasisi iliyokuwa inazisimamia ikaomba mahakama iruhusu sehemu itumike nje ya eneo hilo, kwa wahitaji zaidi. Mwaka 1986 ikashindwa, na usimamizi ukahamia kwingine. Wosia uliheshimiwa, na hilo si dogo, kwani nani ataandika wosia akijua utageuzwa? Wahitaji wa jirani nao walibaki nje ya mpaka.

Je, kuachia fedha huru ndilo jibu? MacKenzie Scott, mwanamke tajiri wa Marekani, alitoa zaidi ya dola bilioni 5 katika mwaka 2020 peke yake, nyingi bila kuwapangia wapokeaji matumizi. Wanaounga mkono wanasema anayekaa na tatizo kila siku analijua kuliko anayelisoma kwenye andiko. Nakubali, kwa tahadhari. Fedha huru haziondoi kazi ya kuchuja, zinaihamishia mwanzoni, na uchujaji usiofanyika hadharani huwafikia wanaojulikana tayari. Shirika dogo lisilo na mtu wa kulitaja halipigiwi simu. Halafu kuna hatari ya furushi la ghafla: shirika linapata mara tatu ya bajeti yake ya mwaka, linaajiri, linapanga ofisi kubwa, fedha zinakwisha, nusu ya watumishi wanaachishwa na walengwa wanaachwa katikati ya huduma. Anayetaka kutoa hivyo asome hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, azungumze na walengwa bila viongozi kuwapo, agawe fedha kwa miaka mitatu hadi mitano, na atangaze tarehe ya mwisho mwaka mmoja kabla. Baada ya hapo ripoti moja kwa mwaka inatosha, na iwe ile ile ambayo shirika huiandikia bodi yake.

Kwa hiyo mimi siulizi sharti liwepo au lisiwepo, nauliza linamlinda nani. Lile la kutenga fedha za matengenezo humlinda mtumiaji baada ya mfadhili kuondoka. Lile la kuandika jina la mfadhili ukutani, kununua vifaa kwa kampuni aitakayo, au kumaliza fedha zote kabla mwaka wake wa hesabu haujafungwa, humlinda mfadhili. La kwanza nalitetea hata likiwa zito. La pili mpokeaji ana haki ya kulikataa, na wafadhili wangesikia kukataliwa huko mara nyingi zaidi kama kungekuwa hakugharimu ruzuku.

Mjadala huu wote humtazama mpokeaji, wakati sharti lililolegea zaidi liko upande wa pili. Zaka, ingawa ni wajibu na uhisani ni hiari, inaonyesha tofauti: sheria inambana mtoaji. Fedha zikifika nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, na kupitiwa na mwaka, asilimia 2.5 inatoka, makundi nane ya wapokeaji yametajwa, na maskini hadaiwi ripoti. Rosenwald alijibana mwenyewe. Aliagiza mfuko wake utumike wote ndani ya miaka 25 baada ya kifo chake, nao ukafungwa mwaka 1948. Sheria ya Marekani huzitaka taasisi binafsi za uhisani zitumie kila mwaka takriban asilimia 5 ya mali zao, na gharama halali za kuendesha ofisi huhesabiwa humo humo. Lakini ipo mifuko ambayo mtoaji huweka fedha, hupata nafuu ya kodi mwaka huo huo, kisha hushauri tu zitolewe lini na kwa nani. Kwa mfuko mmoja mmoja wa aina hiyo, sheria hiyo haijaweka tarehe ya mwisho. Mpokeaji anaulizwa stakabadhi ya kila lita ya mafuta, na fedha zilizokwisha kuitwa za hisani zinaweza kukaa humo miaka 20 bila mtu kuuliza.