Leseni ya A2 na pikipiki ya kwanza: ndogo halisi au kubwa iliyobanwa?

Mtoto wa dada yangu, tunayeishi naye hapa Leicester, ana miaka 20 na leseni ya pikipiki ya daraja la A2 ambayo haijamaliza hata miezi mitatu. Anataka Yamaha MT-07, pikipiki kubwa ya cc 689, iliyobanwa injini isitoe nguvu zake zote. Baba yake, aliyeko Tanga, anasema kwa simu kwamba pikipiki ni pikipiki, anunue yoyote ya cc 125 inayowaka asubuhi. Mimi nimewekwa katikati kwa sababu niliendesha bodaboda Ngamiani, kule Tanga, kabla ya kuja huku, basi kwenye ukoo nahesabiwa mtaalamu.

Kwanza sheria, maana ndiyo iliyozaa ubishi wote. Uingereza ilianza kupanga leseni za pikipiki kwa mfumo wa sasa Januari 2013. Kijana wa miaka 17 akimaliza mafunzo ya awali, CBT, anaruhusiwa kwa miaka miwili kuendesha pikipiki isiyozidi cc 125 na kilowati 11, huku amebandika L nyekundu mbele na nyuma, bila abiria na bila kugusa barabara kuu za mwendo kasi (motorway). Akifika 19 anaweza kufanya mtihani wa A2. Hapo ukubwa wa injini hauulizwi tena. Kinachoulizwa ni nguvu isizidi kilowati 35, kama farasi 47 hivi, na isizidi kilowati 0.2 kwa kila kilo ya pikipiki. Kubwa inaweza kubanwa ishuke hadi 35, mradi ilipotoka kiwandani haikuzidi mara mbili ya hapo, yaani 70. Ndiyo maana MT-07, yenye kilowati 55 hivi, inabanika, na kaka yake MT-09, inayopita 85, haibaniki kisheria hata ukiifunga kamba. Leseni kamili ya A unaipata ukiwa na miaka 24, au 21 kama umeshika A2 kwa miaka miwili.

Hapa nicheke kidogo. Boxer 150, ile iliyotulea, ina injini ya cc 144.8 na nguvu isiyofika hata kilowati 9. Ukiileta huku, mwenye CBT hagusi, kwa ajili ya zile cc 20 tu. Chombo tulichobebea magunia ya mkaa na mama na watoto wake wawili kinahitaji A2! New Zealand nao waliwahi kung'ang'ania cc. Mwanafunzi aliambiwa asizidi 250, vijana wakaenda kuchukua mashine za tu-stroki kama Suzuki RGV250, zenye farasi zaidi ya 50 ndani ya injini ya kistaarabu kwa jina. Mwaka 2012 wakabadilisha, wakaanza kupima nguvu kwa uzito. Kwa hiyo sisemi sheria ya kilowati ni ya kijinga. Ni bora kuliko iliyotangulia. Ila inapima mambo mawili tu, na mwanafunzi anaangushwa na mambo zaidi ya mawili.

Tumsikilize kijana, maana ana hoja. "Mjomba, miaka miwili si kesho kutwa tu? Ninunue mara moja, nikifika A naifungua, naendelea nayo." Anasema ukinunua ndogo utaiuza kwa hasara, utalipia nyingine, utaanza upya kuizoea. Tena alinikata kauli kwenye uzito. Nilitaka kumwambia MT-07 ni nzito kwa mwanafunzi, akanifungulia simu: kilo 184. Honda CB500F, ambayo ndiyo nilikuwa namsukumia, kilo 189. Nikanyamaza, nikaomba chai.

Pia ni kweli kwamba injini kubwa iliyobanwa ina raha yake. Ule mvuto wa chini, unapoachia klachi kwenye mataa au unapopanda kilima na abiria, unabaki mwingi. Kubana kunakata zaidi kule juu, ambako mwanafunzi mwenye akili hana safari nako. CB500F inafika kilowati 35 kwa kukamua injini yake yote ya cc 471, wakati MT-07 ya cc 689 inafika hapo huku inapiga miayo.

Lakini hesabu ya "nunua mara moja" ina umri wake, na nadhani vijana wameirithi bila kuangalia tarehe. Kabla ya 2013 mtu alibanwa kwenye kilowati 25, akakaa miaka miwili, na siku ikifika kizuizi kilijifuta chenyewe. Unakwenda gereji, wanatoa vile vipete vilivyobana njia ya hewa, unatoka na pikipiki nzima. Enzi hizo kununua kubwa na kuibana ilikuwa akili kabisa. Siku hizi miaka miwili ikiisha hakuna kinachojifuta. Unarudia mtihani wa vitendo, sehemu zote mbili, ile ya uwanjani ya kukwepa ghafla kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa na ile ya barabarani. Na kichekesho ni kwamba pikipiki ya mtihani wa A lazima iwe na kilowati zisizopungua 50, kwa hiyo hiyo yako iliyobanwa, uliyoilea miaka miwili, haikupeleki mtihanini kama ilivyo. Utakodi ya chuo cha udereva. Wengi wanaahirisha, mwaka mmoja unakuwa mitatu, na kubwa inazeeka gerejini ikiwa imebanwa bado.

Halafu kuna kishawishi, na hapa sitafuni maneno. Baadhi ya vizuizi hivyo vya injini ni kipande kidogo tu kinachozuia mafuta yasifunguke hadi mwisho. Vingine ni programu kwenye kompyuta ya injini. Kijana wa miaka 20 mwenye bisibisi na Jumapili isiyo na kazi anaweza kukitoa kile cha kwanza, na nje haionekani. Inaonekana siku ya ajali. Cheti cha gereji kinasema 35, injini inasema 55, na kampuni ya bima inapata sababu ya kukuruka. Kuendesha bila bima hapa ni alama 6 hadi 8 kwenye leseni, na kama leseni yako ya kwanza haijatimiza miaka miwili, alama 6 zinatosha kuifuta. Unarudi kwenye L nyekundu. Simaanishi mpwa wangu atafanya hivyo. Namaanisha nikiwa na umri wake mimi ningefanya.

Baba yake naye tusimpuuze. Cc 125 ni nafuu kwa mafuta na bima, na hapa wapo watu wazima wanaorudia CBT kila baada ya miaka miwili, wakapeleka chakula cha watu mlangoni miaka nenda rudi bila kufanya mtihani mwingine. Lakini kijana ameshafanya mtihani mkubwa, na kazi yake iko Loughborough. Kwenye njia mbili za A6 asubuhi ya Novemba, malori yakikupita kwa upepo, pikipiki inayojikamua kufika kilomita 90 haina usalama wowote wa ziada. Unyonge nao ni hatari.

Kuna jambo ambalo hakuna sheria inayolipima, nalo ni miguu yako. Mwaka wangu wa kwanza hapa, nikijiona dereva wa Tanga, nilinunua pikipiki ndefu ya safari kwa sababu ilifanana na zile za maofisa wa miradi. Nikikaa, zinagusa chini ncha za viatu tu. Nilisimama kituo cha mafuta, nikashusha mguu wa kushoto, ukakanyaga dizeli iliyomwagika, ukaniacha. Haikuwa ajali hata ya kuitwa ajali, kwa sababu mwendo ulikuwa sifuri. Pikipiki ililala polepole kama ng'ombe, nami nimeishika kana kwamba naweza kuizuia. Mkono wa klachi ulikatika. Bibi mmoja aliweka pakiti yake ya viazi juu ya gari lake akaja kunisaidia kuinyanyua, akaniuliza kama nimeanza juzi. Nilimwambia ndiyo.

Kwa mtu mfupi, basi, kiti kina maana kuliko kilowati. Honda Rebel 500 ina kiti cha milimita 690 kutoka chini, na injini ni ya ukoo ule ule wa CB500. KTM 390 Duke ni nyepesi kupita hizo zote, ila kiti kiko 830 kwenye zile za 2017 hadi 2023, na kwa mwenye miguu kama yangu wepesi huo haukuokoi kwenye dizeli. (Wanaojivunia kwamba Duke ni ya Austria wajue inaundwa India, na Bajaj, wale wale wa Boxer. Triumph Speed 400 pia.) Royal Enfield za cc 350 zina farasi 20 tu na uzito unaopita kilo 180, kwa hiyo zinakwenda kwa adabu, na hazikutishi mahali popote isipokuwa unapozisukuma kwa mkono kuziingiza uani.

Ukiniuliza mimi, jibu linategemea cheti cha kuzaliwa kuliko chapa. Mwenye miaka 23 asihangaike na A2 kabisa. Angoje mwaka mmoja, afanye A moja kwa moja, anunue anachotaka. Mwenye 22 yuko hivyo hivyo, maana A2 yake itakapotimiza miaka miwili naye atakuwa ameshafika 24. Hoja ya kubana ina nguvu kwa mwenye 19 au 20 ambaye kweli ameweka akiba ya kukodi pikipiki ya chuo na kurudia mtihani, na ambaye ni mrefu, mzito, na ana mtu wa kubeba nyuma. Mpwa wangu ni mrefu. Akiba hana, na mtu wa kubeba anasema hana, ingawa dada yangu ana maoni tofauti.

Kwa hali yake naona CB500F iliyotumika inamtosha. Ilianza kutoka mwaka ule ule wa 2013 sheria ilipoanza, imetengenezwa kwa kipimo cha A2 tangu mchoro, haina cheti cha kubanwa cha kupoteza, na kwa kuwa kila mwaka kuna wanafunzi wapya wanaoitafuta, hasara ya kuiuza si kubwa kama anavyoiogopa. Asidhani pia kwamba amenunua ya mtoto. Inapita kilomita 160 kwa saa, na barabara ya mwendo kasi hapa mwisho wake ni 113. Kikomo cha 35 hakimzuii mtu kujiua. Kinampa nukta moja zaidi ya kujirudi kabla kosa la mkono wa kulia halijawa mwendo.

Tumeomba bei za bima za zote mbili kwa anwani yetu hii, ambako pikipiki huachwa barabarani usiku. MT-07 imekuja juu, na yeye mwenyewe ndiye aliyefunga kompyuta kwa hasira. Juzi kanitumia picha ya CB500F nyeusi ya 2017, maili elfu tisa, tangi lina mkwaruzo upande wa kushoto. Nimemwambia amuulize muuzaji iliangukia wapi, na cheni ilibadilishwa lini.