Klabu za huduma na mlango uliochelewa kufunguliwa

Tarehe 23 Februari 1905, wanaume wanne walikutana ofisini jijini Chicago: wakili Paul Harris, muuza makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na fundi cherehani. Hawakwenda kujadili shida za maskini. Harris alikulia mashambani Vermont, na ukubwa wa jiji ulimfanya mpweke. Alitaka marafiki, nao marafiki wakaanza kupeana wateja. Walikutana kwa zamu, leo ofisini kwa huyu, kesho kwa yule, na zamu hizo ndizo zilizoizalia klabu yao jina Rotary, yaani ya kuzunguka. Baadaye kidogo wakaupigania mji wao ujengewe vyoo vya umma. Klabu nyingine za namna hiyo, za wanachama wanaokutana na kujitolea kwa jamii, zikafuata: Kiwanis mwaka 1915, Lions mwaka 1917.

Wanaozilaumu klabu hizi husema asili hiyo haijafutika: ni watu wenye nafasi wanaojuana, na misaada ni pambo. Sitaipuuza lawama hiyo, maana kwa miongo mingi mtu aliingia kwa kualikwa tu, tena awe mwanamume. Klabu ya Duarte, California, ilipowapokea wanawake mwaka 1977, Rotary iliifukuza. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na hukumu ya 1987 ikawapa haki wanawake. Miaka miwili baadaye, mlango ukafunguliwa duniani kote. Miaka 84 tangu kuanzishwa! Wanawake walikuwa wameshajiundia zao, Zonta mwaka 1919 na Soroptimist mwaka 1921, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hawakutaka kujitolea.

Hata hivyo, sikubali kwamba kazi ya klabu hizi ni pambo. Mwaka 1925 Helen Keller, asiyeona wala kusikia, alisimama mbele ya Lions huko Ohio akawaomba wawapiganie wasioona. Mpaka leo macho ndiyo kazi inayowatambulisha. Rotary nayo ilitangaza vita dhidi ya polio mwaka 1985. Mwaka 1988 ugonjwa huo uliwapata watu wapatao 350,000 kwa mwaka. Tangu hapo umepungua kwa zaidi ya asilimia 99. Chanjo zilitolewa na serikali pamoja na mashirika ya afya, lakini klabu zilichangisha fedha na kuwasukuma viongozi miaka nenda miaka rudi, hata habari za polio zilipokwisha kuchosha magazeti.

Subira hiyo, kwa maoni yangu, ilitokana na mikutano ya kila wiki: usipofika, mwenzako anauliza ulikuwa wapi. Mwaka 2016 Rotary ililegeza masharti, klabu zikaruhusiwa kukutana angalau mara mbili kwa mwezi. Naunga mkono, kwani mkutano wa mchana katikati ya wiki humwacha nje muuguzi wa zamu, na mama mwenye mtoto mchanga pia. Ila hizo mara mbili zisipunguzwe tena.