Mtoto Aliyeambiwa Akae Chini kwa Sababu ya Barafu

Jumanne mtoto wa dada yangu alirudi kutoka shule kanuna, sahani ya wali na dagaa akaisukuma pembeni. Yuko darasa la sita. Nilipombana sana akasema: kwenye kipindi cha sayansi alinyoosha mkono, akasema barafu ya baharini ina chumvi kidogo kuliko maji yaliyoizaa. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akamwambia akae chini, maji ya chumvi yakiganda ni ya chumvi vilevile, na hata hivyo barafu ya baharini inatuhusu nini sisi watu wa Mwanza?

"Mjomba, si wewe uliniambia?"

Ni mimi. Na tangu siku ile sijatulia.

Nianze na hilo la kutuhusu, maana ndilo lililoniuma zaidi. Mji huu unaishi kwa barafu. Nenda mwaloni Kirumba kabla jua halijachomoza uone maboti yakipakia barafu kwenda visiwani kumfuata sangara. Mimi ni fundi majokofu, barafu ndiyo imenisomeshea wanangu. Kwenye mitambo ya barafu ya mapande, maji safi hutiwa kwenye masanduku ya bati, na masanduku yenyewe yanatumbukizwa kwenye bwawa la maji ya chumvi kali. Yale ya bwawani yanafika nyuzi kumi chini ya sifuri na bado ni maji. Ya ndani ya bati yanakuwa jiwe. Pande likitolewa, kingo zake zinang'aa kama kioo, katikati lina moyo mweupe. Ule weupe ni hewa na madini ambayo barafu iliyasukuma mbele yake ilipokuwa ikiganda kutoka nje kwenda ndani, hadi yakakosa pa kukimbilia.

Na mtoto ambaye hajawahi kukanyaga kiwandani anaijua barafu ya ubuyu. Ung'ate kona ya mfuko, ufyonze: rangi na utamu vinakuja kwanza, mwishoni unabaki na kipande cheupe kisicho na ladha. Kinachotokea kwenye bahari za ncha za dunia kinauzwa kwa sarafu nje ya geti la shule.

Maji yanapoganda, molekuli zake zinajipanga kwa mpangilio usio na nafasi ya chumvi, kwa hiyo chumvi inafukuzwa. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo, na yanaanza kuganda kwenye nyuzi kama 1.8 chini ya sifuri. Kwanza vinatokea vipande vidogo vyembamba vinavyoelea kama uji. Vikishikana, barafu inaanza kukua kuelekea chini, lakini haikui kama sakafu iliyopigwa plasta. Upande wake wa chini ni safu za majani membamba ya barafu yaliyosimama bega kwa bega, nafasi kati yao haifiki milimita moja. Chumvi iliyofukuzwa inajaa humo pamoja na maji yake, na majani yanapoungana, sehemu ya maji hayo inanaswa ndani.

Ndiyo maana barafu changa bado ni ya chumvi ukiilamba, inaweza kuzidi gramu 10 kwa kilo. Hapo mwalimu ana kipande cha haki, nakubali. Lakini barafu ile ile ikimaliza baridi yake ya kwanza imebaki na gramu 4 hadi 6. Ikivuka majira ya joto mara kadhaa, sehemu yake ya juu inakuwa karibu haina chumvi kabisa, na wenyeji wa kaskazini ya mbali tangu zamani wanaiyeyusha na kuinywa. Sasa chumvi imeenda wapi? Swali hili ndilo mtoto alistahili kuulizwa, badala ya kukalishwa.

Imeshuka. Huko juu hewa inaweza kuwa nyuzi 30 chini ya sifuri, wakati chini barafu imegusana na bahari ya nyuzi 1.8 tu chini ya sifuri. Yale maji yaliyonaswa lazima yaendane na baridi ya mahali yalipo: kadiri panavyozidi kuwa baridi, sehemu yake nyingine inaganda na yanayobaki yanazidi ukali. Kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri yanakuwa na takriban gramu 140 za chumvi kwa kilo, mara nne ya bahari. Kwa hiyo maji makali na mazito yako juu, mepesi yako chini. Mzigo mzito hauwezi kukaa juu ya mwepesi. Unateremka, na maji ya bahari yanapanda kuchukua nafasi yake. Yanapopenya yanayeyusha na kupanua njia, vijia vinakutana na kuwa mfereji, kama vijito vinavyokusanyana kuingia mto Simiyu kabla haujamwaga ziwani. Barafu inajichimbia mitaro yenyewe! Ninapolifikiria hili nikiwa nimelala chali chini ya friza ya mteja, na bisibisi mkononi, nasahau hata nilichokuwa nakaza.

Mitaro hiyo hufunga na kufunguka. Maji yaliyobaki ndani yakipungua chini ya asilimia 5 hivi ya ujazo wa barafu, njia zinakatika na barafu inakuwa kama imezibwa; yakizidi hapo, inapitisha. Kwa barafu yenye gramu 5 za chumvi kwa kilo, mpaka huo uko karibu na nyuzi 5 chini ya sifuri. Mwanahisabati wa Marekani Ken Golden na wenzake waliueleza mwaka 1998, na tano hizo tatu ni rahisi mtoto yeyote kuzikumbuka. Majira ya joto yakifika, theluji na barafu ya juu inayeyuka, maji yake matamu yanapita kwenye mitaro ile ile na kuisuuza. Humo humo ndani mwani mdogo unaishi, na viumbe vingine vinaula.

Tena barafu ikinenepa inajizuia yenyewe kukua, kwa sababu joto la maji yanayoganda chini yake linapata shida kupita. Mwanafizikia wa Austria, Josef Stefan, alilipigia hesabu mwaka 1891: kwa baridi ile ile, unene mara mbili unataka muda mara nne. Mama ntilie anayeacha barafu ishike ukuta mzima wa friza yake halafu ananiita kwamba haipoozi, tatizo lake ni hilo hilo.

Na maji mazito yaliyotoka? Kandokando ya Antaktika yanasaidia kutengeneza maji baridi yanayozama hadi sakafu ya bahari na kuenea kwenye vilindi vya dunia, Bahari ya Hindi ikiwemo. Yanatuhusu.

Najua mwalimu ana darasa lililofurika na kitabu kinachosema maji yanaganda kwenye sifuri, basi. Simchukii. Lakini nchi hii imeshawahi kumkalisha chini mtoto wa barafu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, aliona mchanganyiko wa moto wa aisikrimu ukiganda kabla ya uliopoa. Aliambiwa amechanganyikiwa. Aliendelea kuuliza mpaka akampata Denis Osborne wa chuo kikuu Dar es Salaam, aliyekubali kupima kwanza, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Wataalamu bado wanabishana kuhusu jambo lenyewe, na wanabishana kwa jina lake.

Jana usiku mimi na mpwa wangu tuliyeyusha vijiko viwili vya chakula vya chumvi kwenye lita moja ya maji, tukajaza mfuko, tukauweka kwenye friza. Asubuhi barafu ilikuwa laini, ina majimaji, si kama ya maji ya bomba. Tukatoboa kona ya chini, tukauning'iniza juu ya bakuli. Matone ya kwanza aliyaonja akakunja uso mzima. Baada ya saa mbili tukachukua kipande kilichobaki, tukakisuuza haraka kwa maji ya baridi, tukakiyeyusha kwenye kikombe.

"Mjomba, hii kama ya ziwa!"

Chumvi bado ilikuwepo kidogo, nami nikamwambia aiseme hivyo hivyo. Ameomba chupa ya chai yenye mdomo mpana. Tumeweka mfuko mwingine kwenye friza, na Jumatatu nitampeleka mwenyewe mpaka getini.